Kofia Kichwani, Mkanda Kiunoni: Kisa cha Wojdan Shaherkani, London 2012

Tarehe 3 Agosti 2012, katika ukumbi wa ExCeL jijini London, msichana wa miaka 16 kutoka Makka alipanda kwenye tatami, yaani mkeka wa mapambano, kupigana judo katika kundi la wanawake wa zaidi ya kilo 78. Pambano lake lilidumu sekunde 82. Kwa siku kadhaa kabla ya hapo, shirikisho la judo, maofisa wa Olimpiki na magazeti ya dunia nzima walikuwa wanabishana juu ya kichwa chake: afunike au asifunike, na akifunika, afunike kwa kitu gani. Mkanda wake ulitajwa pembeni tu, kama jambo la kuongezea habari. Wojdan Shaherkani alikuwa na daraja la mkanda wa bluu. Aliingia mashindano ya mikanda myeusi.

Nakirudia kisa hiki kwa sababu maswali yake mawili, la mavazi na la daraja, ndiyo yanayomkuta kila mwalimu wa judo au karate huku pwani, ambako wasichana wengi huja mazoezini wamejistiri. Mwalimu huulizwa yote mawili kwa siku moja, na nguvu zake zote huishia kwenye lile linaloonekana kwa macho. Kwa maoni yangu, waliohusika na London walichelewa kwenye suala la mavazi, ila mwishowe walilipatia dawa. Kwenye suala la mkanda walikosea kabisa, na aliyelipa ni mtoto.

Tuanze na namna alivyofika pale. Hadi mwaka ule Saudi Arabia, Qatar na Brunei zilikuwa hazijawahi kupeleka mwanamke kwenye Olimpiki. Shinikizo lilikuwa kubwa, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, iliyokuwa chini ya Jacques Rogge, ilifanya mazungumzo ya muda mrefu na Wasaudi. Tarehe 12 Julai, wiki mbili kabla ya ufunguzi, yakatangazwa majina mawili ya wanawake wa Saudia: Sarah Attar kwa mbio za mita 800, na Wojdan kwa judo. Wote wawili waliingia kwa nafasi ya mwaliko. Hawakupita kwenye mchujo ambao wengine walikuwa wanauhangaikia kwa miaka miwili, wakizunguka mabara kutafuta pointi.

Attar alikulia Marekani na alikuwa anakimbia chuoni California. Wojdan alikuwa Saudia yenyewe, wakati ambapo shule za serikali hazikuwa na kipindi cha michezo kwa wasichana, wala hapakuwa na klabu ya judo ambayo binti angejiandikisha. Baba yake, Ali Seraj Shaherkani, alikuwa mwamuzi wa judo, na yeye ndiye aliyemfundisha. Binti alikuwa na takriban miaka miwili ya mazoezi.

Hapa inafaa tutulie kidogo, kwa sababu asiyecheza judo anaweza kudhani miaka miwili na mwalimu wa nyumbani inatosha. Judo haijengwi kwa kurudia hatua hewani. Inajengwa kwenye randori, yaani mapambano ya mazoezi, jioni baada ya jioni, na miili tofauti: mrefu anayekushika mgongoni juu ya bega, mfupi anayejipenyeza chini ya mkono wako, mzito asiyesogea, wa mkono wa kushoto anayeharibu kila ulichozoea. Mikono hujifunza kusoma uzito wa mtu kupitia kitambaa cha nguo yake kabla hajaamua kwenda upande gani. Ukifundishwa na mtu mmoja, hata awe hodari namna gani, mikono yako inamjua yeye peke yake. Na kwa binti aliyetakiwa kupigana na wanawake wazito, wenzake wa kufanya nao mazoezi wangetoka wapi?

Turudi kwenye mavazi. Upande wa Saudia, mkuu wa michezo Mwanamfalme Nawaf bin Faisal alishaweka masharti hadharani, na mojawapo ni kwamba wanawake wavae mavazi ya staha ya Kiislamu. Tarehe 26 Julai, rais wa Shirikisho la Kimataifa la Judo, Marius Vizer, akasema Wojdan atapigana bila hijabu, kwa kufuata misingi na roho ya judo. Baba mtu akajibu kwamba kama hali ni hiyo, binti yake hatashiriki. Zilikuwa zimebaki siku nane.

Hoja zilizotolewa dhidi ya hijabu zilikuwa mbili, na ni muhimu zisichanganywe. Moja ni ya usalama, na huyo anayeipuuza hajawahi kukabwa. Katika judo ukosi wa mpinzani ni silaha. Chukua kabari ya kawaida inayoitwa okuri-eri-jime: uko nyuma ya mpinzani aliyeketi au aliyepiga magoti, mkono wako wa kulia unapita chini ya kidevu chake na kukamata ukosi wake wa kushoto juu kabisa, karibu na sikio, mkono wa kushoto unapita chini ya kwapa lake na kuvuta ukosi wa kulia kwenda chini. Ukingo mgumu wa nguo unabana pande za shingo, damu ya kwenda kichwani inapungua, na katika muda mfupi sana mtu anapiga mkono kusalimu amri, ama anapoteza fahamu. Sasa weka mtandio hapo katikati, wenye mkunjo chini ya kidevu na pini upande mmoja. Anayekaba hajui kama ameshika ukosi au mtandio. Anayekabwa anaweza kubanwa na kitambaa kisichoachia hata mwenzake akilegeza mkono. Mwamuzi, ambaye kazi yake ni kutazama uso na shingo, haoni vizuri. Mwalimu anayekataza ushungi wa kuzungusha na pini kwenye tatami yake anafanya kazi yake.

Lakini hoja hiyo inakataza aina ya kitambaa. Haikatazi kufunika kichwa. Kofia ya kubana, isiyo na mkia, isiyofika kooni, isiyo na fundo wala pini, haimpi mtu cha kushika. Mashirikisho ya judo ya Asia yalikuwa yameshawaruhusu wanawake kupigana wamejifunika kwenye mashindano makubwa kabla ya hapo, kwa hiyo uzoefu ulikuwepo, wala haukuwa wa siri. Na ndiyo dawa iliyopatikana London. Baada ya mazungumzo kati ya shirikisho, kamati ya Olimpiki na Wasaudi, mwisho wa Julai walikubaliana juu ya kofia nyeusi ya kubana, inayokaribia zile za waogeleaji. Suluhisho lenyewe lilikuwa jepesi kiasi kwamba inauma kufikiri lilisubiri hadi wiki ya mapambano. Msichana alitumia siku zake za mwisho za maandalizi bila kujua kama atapigana au atarudishwa nyumbani.

Hoja ya pili, ile ya misingi na roho ya judo, naikataa. Naikataa nikiwa naupenda mchezo huu, kwa sababu historia yake ya mavazi haiungi mkono kauli hiyo.

Tazama nguo yenyewe ya judo, judogi. Kwa miongo mingi ilikuwa nyeupe tu, na Wajapani wengi waliuona weupe huo kuwa sehemu ya usafi wa mchezo. Mwaka 1986 Anton Geesink, Mholanzi aliyechukua dhahabu Tokyo 1964, alipendekeza mmoja wa wapiganaji avae bluu ili watazamaji na waamuzi wawatofautishe. Wajapani walipinga sana. Shirikisho likaikubali rangi hiyo mwaka 1997, na Sydney 2000 bluu ikaonekana Olimpiki kwa mara ya kwanza. Roho ya judo haikufa. Leo hakuna anayeshtuka. Televisheni ilipohitaji mabadiliko ya nguo, nguo ilibadilishwa.

Tazama pia mkanda wa wanawake. Kwa miaka mingi Japani, mwanamke aliyefikia dani, yaani daraja za mkanda mweusi, alifunga mkanda mweusi wenye mstari mweupe unaopita katikati urefu wake wote, ili ajulikane kuwa ni mwanamke. Kwenye mashindano ya kimataifa mstari huo ulidumu hadi mwishoni mwa karne ya 20. Mchezo uliowawekea wanawake alama ya pekee kiunoni kwa muda wote huo hauna msingi wa kusema kwamba alama ya pekee kichwani inavunja usawa wa tatami. Kama shirikisho lingesema, “tunaogopa kabari, tuleteeni kofia tuikague,” mjadala ungeisha kwa barua mbili. Judogi hukaguliwa hata hivyo kabla ya kila pambano: upana wa mkono wa nguo, urefu wake hadi kwenye kifundo, kiasi inachopishana kifuani, unene wa ukosi. Kuongeza kofia kwenye ukaguzi huo ni kazi ya dakika chache.

Pambano lenyewe halikuwa na mengi. Mpinzani alikuwa Melissa Mojica wa Puerto Rico, mwanamke mzima mwenye uzoefu mrefu wa mashindano ya bara lake na ya dunia. Ukumbi ulimpokea Wojdan kwa shangwe kubwa. Alisogea kwa tahadhari, akiogopa kuingia kwenye mshiko, mikono ikipapasa na kuachia. Ndipo Mojica alipopata ukosi, akamvuta na kumwangusha chali. Ippon, yaani ushindi kamili unaomaliza pambano papo hapo. Pambano kamili lilikuwa la dakika tano. Hili liliishia dakika moja na sekunde 22. Kofia haikuamua lolote. Hakukabwa, hakushikwa kitambaa. Aliangushwa na mtu anayejua kuangusha, naye hakuwa na mikono ya kumzuia kwa sababu hakuna mahali alipopewa nafasi ya kuijenga.

Sasa mkanda. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, alianzisha shule yake, Kodokan, Tokyo mwaka 1882, na mwaka uliofuata akawapa wanafunzi wake wawili, Shiro Saigo na Tsunejiro Tomita, dani ya kwanza. Mfumo wa dani haukuwepo kwenye jujutsu ya zamani. Kano aliuchukua kutoka kwenye mchezo wa bao wa go. Baadaye ukaja mkanda mweusi wa kuwatenganisha wenye dani na wasio nayo, na rangi za katikati, njano, machungwa, kijani, bluu, kahawia, zikakuzwa zaidi Ulaya. Katika mpangilio wa kawaida, bluu iko chini ya kahawia, na kahawia chini ya nyeusi.

Watu wa nje huuona mkanda kama zawadi. Ndani ya dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, mkanda ni taarifa ya usalama. Unamwambia mwenzako ni kwa nguvu gani anaweza kukuangusha bila kukuumiza. Mwenye mkanda mweupe humwangushi kwa nguvu, kwa sababu bado hajui kupiga mkono chini na kukunja kidevu anapoanguka. Mwenye mkanda wa kijani unamwamini zaidi. Mwenye mkanda mweusi unamwendea kwa nguvu zote, kwa sababu unajua mwili wake umeshaanguka mara maelfu na unajua njia. Mkanda wa bluu wa miaka miwili ni hatua nzuri. Ningejivunia mwanafunzi wa umri ule aliyeufikia akiwa nyumbani na baba yake. Lakini taarifa yake inasema: huyu bado anajengwa. Kwenye mashindano ya wilaya, mratibu makini angemtafutia mwenye daraja na umri unaomkaribia. London, kwenye tatami kubwa kuliko zote, mbele ya kamera za dunia, taarifa hiyo haikusomwa.

Na ilifaa isomwe hapo kuliko popote, kwa kuwa kundi lenyewe ni la zaidi ya kilo 78. Makundi mengine yana kikomo cha juu. Hili halina. Unaweza kukutana na mtu anayekuzidi kilo nyingi, na akikuangukia baada ya kutupa, uzito wote huo unakufuata chini. Namshukuru Mungu aliinuka salama. Ila usalama ule ulitokana na utulivu wa Mojica, aliyemaliza kazi kwa usafi bila kumsukasuka mtoto.

Wapo wanaosema mwaliko ulifaa kwa sababu ulifungua mlango. Nawaelewa, na sina shaka kwamba wasichana wengi Saudia walimwona na kupata moyo; mwenyewe alisema baada ya pambano kwamba anatumaini huo ni mwanzo. Lakini nafasi za mwaliko zina kusudi la kuwaingiza wale ambao nchi zao ziko nyuma kimichezo, na kuna wepesi wa kuzitumia vibaya. Kamati ilipata picha iliyoihitaji: kila mlango wazi. Serikali ya Saudia ilipunguza shinikizo bila kufungua hata ukumbi mmoja wa mazoezi kwa wasichana. Shirikisho lilipata sifa ya kuafikiana. Kila mkubwa aliondoka na kitu. Kama nia ilikuwa mwanamke wa Saudia apigane judo, zawadi ya kweli ingekuwa miaka miwili ya kambi, wenzake wa kufanya nao randori, mashindano ya vijana Asia, kisha Olimpiki. Katika miezi ile ya mazungumzo, ningependa sana kujua nani aliuliza mtoto huyu anafanya mazoezi na nani.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisikubali daraja liwekwe kando pale inapofaa kisiasa. Wakati Wojdan anapigana London, Keiko Fukuda alikuwa bado hai San Francisco, na umri wake ulikuwa unakaribia miaka 100. Alikuwa mwanafunzi wa mwisho aliyesalia kati ya waliofundishwa na Kano mwenyewe. Alipata dani ya tano mwaka 1953 na akakaa hapo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, si kwa sababu judo yake ilisimama, ila Kodokan haikuwa ikiwapandisha wanawake kupita hapo. Dani ya kumi aliipata 2011 kutoka kwa chama cha judo cha Marekani. Huyu alinyimwa mkanda aliostahili kwa sababu ni mwanamke. Yule wa Makka alirushwa juu ya mkanda alionao kwa sababu ni mwanamke. Katika hali zote mbili daraja liliacha kumhusu anayelivaa.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Nyumbani, mtandaoni, binti alitukanwa matusi mazito na ya aibu, mengine yakigusa asili yake, na baba yake akasema hadharani atawafikisha mahakamani waliotukana. Mabadiliko yenyewe yalikuja polepole: Julai 2017 wizara ya elimu ya Saudia ilitangaza kipindi cha michezo kwa wasichana katika shule za serikali. Mwaka 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, Tahani Alqahtani aliiwakilisha Saudia katika kundi lile lile la zaidi ya kilo 78, akapigana na Raz Hershko wa Israeli. Alishindwa, lakini hapo tayari msichana wa Saudia alikuwa na pa kuanzia.

Upande wa mavazi, kosa la 2012 lilirudi. Makubaliano ya kofia ya London yalikuwa ya mtu mmoja kwa siku moja. Hayakuandikwa kuwa kanuni. Oktoba 2018, Jakarta, kwenye michezo ya Asia ya watu wenye ulemavu, mpiganaji wa Indonesia asiyeona, Miftahul Jannah kutoka Aceh, alitakiwa kuvua hijabu kabla ya pambano lake la judo. Alikataa, akaondolewa. Miaka sita baada ya London, msichana mwingine alifika ukumbini na kukutana na jibu lile lile la mwanzo. Karate ilikuwa imeshajipanga: shirikisho lake la dunia liliruhusu hijabu maalumu ya michezo kuanzia Januari 2013, likaweka ni ya namna gani, na kocha wa Mombasa au Unguja anajua amvalishe nini mwanafunzi wake kabla hajapanda basi.

Kwa madojo yetu natoa mapendekezo mawili. Mavazi ya kichwa yaandikwe kwenye kanuni za dojo na za chama, kwa maneno ya fundi cherehani: kitambaa kinachonyumbuka, kinachobana, kisichoshuka chini ya taya, bila pini, bila fundo, rangi moja. Msichana aonyeshwe siku anayojiandikisha, afanye nayo mazoezi, aangushwe nayo, akabwe nayo na mwalimu wa kike akiwa karibu, ili siku ya mashindano isiwe mara ya kwanza kwake wala kwa mwamuzi. Na kabla ya safari yoyote chama kiombe jibu la maandishi kutoka kwa waandaaji. Jibu la simu lisikubaliwe.

La daraja ni gumu zaidi, kwa kuwa mwaliko ukija wazazi hufurahi, na chama kinataka bendera ionekane. Mwalimu ndiye anayeujua mwili wa mwanafunzi wake, na ndiye anayepaswa kuweka sharti: mwanafunzi asiye na mkanda mweusi hapelekwi mashindano ya mikanda myeusi kabla ya kufanya kambi na wapiganaji wa uzito wake na kushindana angalau na wa rika lake nje ya dojo lake. Sharti hilo lipelekwe kwa anayetoa mwaliko, pamoja na ombi la gharama za kambi. Akiwa tayari kulipia tiketi ya ndege na chumba cha hoteli, hana sababu ya kushindwa kulipia miezi mitatu ya wenzake wa randori.